Somaliland Haijakosa Rafiki, Imekosa Saini ya Mogadishu

Tarehe 26 Desemba 2025 Israel ilitangaza kuitambua Somaliland kuwa nchi huru. Ilikuwa mwanachama wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kufanya hivyo tangu wazee na wapiganaji waliokutana Burao watangaze kujitenga na Somalia tarehe 18 Mei 1991. Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland, ilisherehekea, Mogadishu ikaja juu, Umoja wa Afrika ukapinga, na Misri, Uturuki na Djibouti zikalaani. Ajabu ni kwamba waliofurahi na waliokasirika walilisoma tukio hilo namna moja: akishapatikana wa kwanza, wa pili na wa kumi watafuata wenyewe. Nadhani wamekosea wote. Ukiangalia waliojitenga tangu 1945 na wakaishia na kiti cha Umoja wa Mataifa, New York, karibu kila mara utakuta karatasi yenye saini ya mji mkuu ulioachwa. Saini hiyo huweza kutolewa kwa hiari, kwa uchovu, au kwa kukabwa koo. Inapokosekana, watu hubaki na bendera, wimbo wa taifa na jeshi, na miaka inapita.

Tuanze na utaratibu, maana mijadala mingi huuruka. Kutambuliwa ni jambo la nchi moja moja. Kila serikali hufanya kwa wakati wake na kwa maslahi yake. Kiti cha Umoja wa Mataifa ni jambo jingine. Mwombaji humwandikia Katibu Mkuu akikubali masharti ya Mkataba wa umoja huo, kisha ombi huenda Baraza la Usalama, ambako zinatakiwa kura 9 kati ya 15 bila turufu, yaani kura ya kuzuia, ya Marekani, Urusi, China, Uingereza wala Ufaransa. Likivuka hapo, Baraza Kuu hulipitisha kwa theluthi mbili. Kosovo ilijitangazia uhuru Februari 2008, ikatambuliwa na nchi kama mia moja, na mpaka leo haina kiti, kwa kuwa Serbia haijaridhia na Urusi iko tayari kuisemea Serbia kwa turufu. Somaliland ina kizuizi cha aina hiyo hiyo: mwaka 2020 ilifungua uhusiano na Taiwan, na China si mtu wa kusahau jambo kama hilo. Sasa tazama Sudan Kusini. China ilikuwa rafiki wa Khartoum na mnunuzi mkubwa wa mafuta yake, lakini Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011 na kuingia Umoja wa Mataifa tarehe 14 Julai, siku 5 tu baadaye. Khartoum ilikuwa imekwisha kutia saini, na mwenye mali akishasema sawa, jirani hana la kugombea.

Umoja wa Afrika ni rahisi zaidi kwenye karatasi. Mwanachama mpya huingia kwa wingi wa kawaida wa kura, yaani nchi 28 kati ya 55, na hakuna turufu. Ndiyo njia waliyopita Wasahara wa Magharibi kuingia OAU, mtangulizi wa Umoja wa Afrika, mwaka 1982, Morocco ikasusa na kujitoa 1984, ikarudi 2017. Jamhuri ya Wasahara inakaa mezani Addis Ababa huku sehemu kubwa ya nchi yake ikiwa mikononi mwa Morocco. Wasahara wana karatasi bila ardhi, Somaliland ina ardhi bila karatasi, na wote wawili wamezuiwa na kitu kimoja, mji mkuu uliokataa.

Mfano unaofundisha zaidi uko jirani kabisa na Hargeisa. Siku 6 baada ya tangazo la Burao, tarehe 24 Mei 1991, wapiganaji wa EPLF, chama cha ukombozi wa Eritrea, waliingia Asmara na kumaliza vita vilivyoanza Septemba 1961. Ulinganisho unashangaza. Zote mbili, Eritrea na Somaliland, zilikuwa makoloni yenye mipaka yake, moja ya Waitaliano na nyingine ya Waingereza. Zote ziliunganishwa na jirani katika mipango iliyokwenda kombo: Eritrea kwa shirikisho la 1952 ambalo Haile Selassie alilifuta 1962, Somaliland kwa muungano wa tarehe 1 Julai 1960. Zote zilipigana na dikteta mwanajeshi, na madikteta hao wawili, Mengistu wa Ethiopia na Siad Barre wa Somalia, walianguka mwaka mmoja. Kwa uhodari wa vita EPLF ilikuwa mbele, hilo halina ubishi. Ila vita havielezi yaliyofuata, kwa sababu SNM, chama cha wapiganaji wa Somaliland, nayo ilikuwa imeshinda na hakuna jeshi la Mogadishu lililobaki Hargeisa.

Kilichowatenganisha ni yule aliyekaa mji mkuu Julai 1991. Addis Ababa ilikuwa imeshikwa na EPRDF, muungano wa waasi wa Ethiopia, ambao kiini chake, TPLF ya Tigray, kilipigana bega kwa bega na EPLF. Mkutano wa Julai 1991 mjini Addis ulikubali kwamba Waeritrea watapiga kura ya maoni, na EPLF, ingawa ilikuwa imeshaishika nchi nzima, ikakubali kungoja miaka 2. Mwezi huo huo wa Julai, makundi ya Wasomali yalikutana Djibouti yakamthibitisha Ali Mahdi kuwa rais wa Somalia nzima na kusisitiza umoja wa nchi. SNM haikwenda. Hata hivyo Ali Mahdi hakuweza kuidhibiti hata Mogadishu yenyewe, iliyogawanywa kwa mizinga kati yake na hasimu wake, Jenerali Aidid. Kwa hiyo Waeritrea walikuwa na mtu mwenye kalamu na nia ya kuitumia. Hargeisa ilikuwa na mtu aliyedai kalamu lakini hakuwa na mkono wa kuishika, na kama angekuwa nao asingeandika. Umoja wa Mataifa ulipeleka waangalizi kwa azimio la Baraza Kuu la Desemba 1992, kura ikapigwa tarehe 23 hadi 25 Aprili 1993, asilimia 99.8 wakasema ndiyo, na tarehe 28 Mei Eritrea ikaingia Umoja wa Mataifa. Subira ile ya miaka 2 ndiyo kazi bora ya kidiplomasia ambayo EPLF imewahi kuifanya, na pengine ya mwisho.

Wapo wanaosema dola likivunjika, kila kipande kinajitwalia uhuru wake, na kwamba Somalia ilivunjika. Mfano wao ni Umoja wa Kisovieti. Wanasahau kwamba Desemba 1991 Yeltsin wa Urusi, pamoja na wakuu wa Ukraine na Belarus, walikaa wakatia saini kuuvunja umoja ule. Palikuwa na mrithi aliyekuwa tayari kuachia. Somalia ilivunjika bila mrithi, kisha, kuanzia miaka ya 2000, ikajengwa upya polepole na nchi za nje kwa msingi wa mipaka ya 1960.

Kwa nini mji mkuu ukubali kupungukiwa? Sudan inaonyesha vizuri kuliko kwingine. Khartoum ilishavunja Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 pale Rais Nimeiri alipoufuta 1983, kwa hiyo SPLM, chama cha waasi wa kusini, haikutaka tena ahadi ya kujitawala ndani ya Sudan pasipo mlango wa kutokea. Chini ya usuluhishi wa Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya, Itifaki ya Machakos ya tarehe 20 Julai 2002 iliweka haki ya kura ya maoni kabla ya kugusa mambo mengine. Mkataba kamili ulitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Khartoum ilipewa sababu za kukubali: nusu ya mapato ya mafuta ya kusini kwa miaka 6 ya mpito, sharia kubaki kaskazini, na matumaini ya kuondolewa vikwazo vya Marekani. Tena bomba la mafuta lilikuwa linakwenda Port Sudan, hivyo hata kusini ikiondoka bado ingelipia njia. Kura ilihitaji asilimia 60 ya walioandikishwa wajitokeze ndipo ihesabike. Walijitokeza, na asilimia 98.83 wakachagua kuondoka.

Wasomaji wanaopenda kusema "saini haina maana, tazama Sudan Kusini ilivyokuja kuwa" wana nusu ya hoja. Saini hufungua nchi, haiiendeshi. Na hata kama saini, ile ya 2005 ilikuwa na matundu. Kura iliyoahidiwa ya Abyei, eneo la mpakani, haikufanyika. Watu wa Milima ya Nuba na Blue Nile, waliopigana upande wa SPLA, jeshi la SPLM, waliambulia "mashauriano ya wananchi" badala ya kura, na vita vikawarudia 2011. Ada ya kupitisha mafuta haikuafikiwa kabla ya uhuru. Khartoum ikafikia kudai dola 36 kwa pipa, Juba ikafunga visima Januari 2012 na kujinyima karibu mapato yake yote. Eritrea nayo iliondoka bila mpaka kuchorwa sawasawa wala suala la fedha kumalizwa. Iliendelea kutumia birr ya Ethiopia hadi 1997 ilipotoa fedha yake, nakfa, na Mei 1998 vita vya mpakani vya Badme kati ya nchi hizo mbili vikalipuka. Talaka bila kugawana vyombo hurudisha watu kwa kadhi.

Hoja ya kwanza ya watetezi wa Somaliland ni historia, na ni nzito. Ilikuwa huru tangu tarehe 26 Juni 1960, siku 5 kabla ya kuungana na kusini. Bunge la Hargeisa na lile la Mogadishu yalipitisha maandishi mawili tofauti ya muungano. Maafisa vijana wa kaskazini walipojaribu kupindua Desemba 1961, jaji Mwingereza aliwaachia huru kwa hoja kwamba sheria halali ya muungano haikuwapo. Ujumbe wa Umoja wa Afrika uliokwenda huko 2005 ulikiri kwamba kesi hii ni ya pekee. Hoja ya pili ni utendaji: fedha yake tangu 1994, chaguzi ambazo walio madarakani hushindwa na kuondoka, kama Rais Muse Bihi alivyomwachia Abdirahman Irro baada ya uchaguzi wa Novemba 2024. Nakubali yote. Lakini kama ubora wa hoja ungetosha, kiti kingekuwa kimepatikana zamani. Wakurdi wa Iraq walikuwa na bunge, jeshi, mafuta na marafiki Washington. Septemba 2017 karibu asilimia 93 ya wapiga kura walisema ndiyo. Baghdad ikazuia ndege za kimataifa kutua Erbil na Sulaymaniyah, na tarehe 16 Oktoba jeshi lake likaitwaa Kirkuk pamoja na visima vyake. Mwezi mmoja haukupita vizuri.

Upande wa pili kuna hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayorudiwa zaidi katika vikao vya Addis: kwamba Somaliland ikitambuliwa, Afrika nzima itameguka. Eritrea iliondoka 1993, Sudan Kusini 2011, na hakuna mmeguko uliofuata. Azimio la Cairo la Julai 1964, ambalo Nyerere ndiye aliyeliwasilisha, linalinda mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru, na mstari kati ya Somaliland na Somalia ulikuwa mmoja wa mipaka hiyo. Kejeli ni kwamba Somalia ililikataa azimio hilo wakati ule, kwa kuwa ilikuwa inaidai Ogaden, Djibouti na wilaya ya kaskazini mashariki ya Kenya, ambako vita vya Shifta vilikuwa vinaendelea. Leo Mogadishu ndiyo inayoliegemea.

Ila hofu ya kumeguka ikiwa dhaifu, haifuati kwamba utambuzi wa mmoja utavuta wengine. Hapa Watanzania wana ushahidi wa nyumbani. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, na aliyeamua ni Nyerere yule yule wa azimio la Cairo, kwa hoja kwamba umoja usio na ridhaa ya watu hauna uhai. Mwezi uliofuata Gabon, Cote d'Ivoire na Zambia zikafuata, na Haiti mwaka 1969. Nchi 5, kwa kipimo chochote, ni zaidi ya 1. Lakini Mei hiyo hiyo ya 1968 jeshi la Lagos, mji mkuu wa Nigeria wakati huo, liliitwaa Port Harcourt, na Biafra ikabaki bila bandari, ikitegemea ndege za usiku katika uwanja wa Uli. Uingereza na Wasovieti, mahasimu katika kila kitu kingine, waliiuzia Lagos silaha. Tarehe 15 Januari 1970 Biafra ilisalimu amri. Utambuzi wa Dar es Salaam uliwapa moyo wapiganaji. Wengine wanasema uliwarefushia vita na njaa. Haukuibadili Lagos hata chembe.

Biafra inafundisha jambo jingine ambalo Hargeisa inalijua kwa uchungu. Tarehe 27 Mei 1967, siku 3 kabla ya Ojukwu, kiongozi wa Biafra, kutangaza kujitenga, mtawala wa Nigeria, Gowon, aliigawa nchi katika majimbo 12, na kwa kalamu hiyo akawapa watu wa maeneo ya mafuta, wasio Waigbo, jimbo lao la Rivers. Wengi wao hawakuwa na sababu tena ya kuifia Biafra. Katanga ya Tshombe, iliyojitenga na Kongo, nayo ilipasuliwa mapema na Wabaluba wa kaskazini walioikataa. Ndiyo silaha ya kawaida ya mji mkuu usiotaka kuandika: kutafuta ndani ya nchi inayojitenga watu ambao wao pia wanataka kujitenga. Mogadishu haikulazimika kuwatafuta. Mwaka 2023 watu wa Las Anod, mashariki mwa Somaliland, waliinuka dhidi ya Hargeisa, Agosti jeshi la Somaliland likafukuzwa huko, na Oktoba serikali ya shirikisho ikautambua utawala wao wa SSC-Khatumo. Tangu hapo hoja ya Hargeisa ya mpaka wa Waingereza ina kovu: inadai mstari ambao upande wake wa mashariki haiutawali.

Pingamizi zito kwa maoni yangu ni Bangladesh, iliyojitenga na Pakistan na kuzaliwa kwa bunduki. India iliitambua tarehe 6 Desemba 1971 na jeshi la Pakistan huko likasalimu amri tarehe 16, mateka kama 93,000. Ushindi gani mkubwa kuliko huo? Hata hivyo Agosti 1972 China ilipiga kura ya turufu kwa niaba ya Pakistan. Pakistan iliitambua Bangladesh Februari 1974, baada ya mazungumzo ambayo mateka hao walikuwa sehemu ya mtaji wake, na kiti kikapatikana Septemba. Kwa hiyo mtutu wa bunduki unaweza kuileta saini, lakini bado saini ilibidi ije. Pingamizi la pili ni la haki, na silifuti: kanuni hii humpa mkandamizaji kauli ya mwisho juu ya aliyekandamizwa. Ndege za Siad Barre zilizoibomoa Hargeisa 1988 ziliruka kutoka uwanja wa mji huo huo, na leo waathirika wanaambiwa waombe ruhusa Mogadishu. Ni kanuni chungu. Ndiyo inayotumika.

Pwani ya Kenya inaijua kwa namna yake. Waliokuwa wakisema "Pwani si Kenya" waliegemea mkataba wa ukanda wa maili kumi na Sultani wa Zanzibar. Lakini Oktoba 1963 Sultani na serikali ya Kenya walikwisha kukubaliana, pamoja na Waingereza, ukanda huo uingie Kenya. Mwenye saini alikuwa ameshaitoa upande wa pili.

Basi Hargeisa ina nini cha kuuza? Ina zaidi ya inavyosema. Bandari ya Berbera, iliyopanuliwa chini ya mkataba wa 2016 na DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, inaweza kuhudumia Ethiopia na sehemu za Somalia kwa makubaliano ya mapato. Deni la zamani halitishi tena, maana Desemba 2023 Somalia ilifutiwa dola bilioni 4.5. Las Anod ingeweza kupewa kura yake yenyewe, jambo ambalo lingeipunguza Somaliland kwa ramani lakini lingeipa hoja safi ya ridhaa. Kuna pia suala ambalo watu wa nje hulipuuza: bunge la shirikisho lina wabunge wanaohesabiwa ni wa kaskazini, na kiti cha naibu waziri mkuu mara nyingi hupewa mtu wa huko. Saini ingewafutia wote nafasi zao, na hakuna mazungumzo yatakayofika popote bila kuwaeleza watakwenda wapi. Pia wafanyabiashara wa kaskazini walio Mogadishu watahitaji uraia au ukaazi ulioandikwa, si ulioahidiwa.

Na utambuzi wa Desemba 2025 umeifanya bei ipande. Hapo awali, rais wa Somalia aliyeruhusu kura ya maoni angeshambuliwa kwa kuigawa nchi. Sasa atashambuliwa pia kwa kutia saini chini ya ile ya Israel, mbele ya Wasomali ambao wengi wanaiangalia Gaza kila siku. Mkataba wa Ethiopia wa tarehe 1 Januari 2024, uliohusu kilomita 20 za pwani kwa miaka 50, ulileta jambo kama hilo kwa udogo wake: Mogadishu ilikimbilia Uturuki na Misri, na tamko la Ankara la Desemba 2024 likairudisha Ethiopia kwenye kuheshimu mipaka ya Somalia. Kila rafiki mpya wa Hargeisa ameiletea Mogadishu marafiki wawili.

Mazungumzo kati ya pande hizi yaliwahi kuwapo: Uingereza Juni 2012, Uturuki miaka iliyofuata, na Djibouti Juni 2020, ambako ziliundwa kamati ndogo za misaada, usimamizi wa anga na usalama. Hadhi yenyewe ya Somaliland haikuundiwa kamati.